Frinji ipi kwa kwanjula ya dada yangu: ya kunyooka, ya pazia au ya upande?

BintiWaMpakani (Malaba), Jumapili saa 2:14 usiku

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada na ninaomba kwa dhati, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi.

Wiki tano kuanzia leo dada yangu mkubwa anafanya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya msichana, kwetu Masaka. Mimi nimo kwenye kundi la wasichana watakaotoka kusalimia wageni. Gomesi, magauni yetu ya asili, zimeshashonwa, za kijani kibichi, mabega yamesimama vizuri. Kilichobaki ni kichwa.

Nimetamani frinji, yaani nywele za mbele zilizokatwa ziangukie paji la uso, tangu nikiwa sekondari. Shule nyingi za kwetu mnazijua, msichana anakaa na nywele za kukatwa hadi karibu na ngozi mpaka amalize S6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilimaliza miaka minne iliyopita, na sasa nywele zangu zikinyooshwa zinafika mabegani. Ni za kipilipili, sijawahi kuweka dawa. Nina komwe kubwa kidogo, uso wa mviringo, na panja la kushoto limepungua nywele kwa sababu ya kusuka rasta ndogo ndogo mfululizo mwaka jana.

Kwenye simu nina picha tatu. Ya kwanza ni frinji nzito iliyokatwa mstari mmoja juu ya nyusi. Ya pili ni ya pazia, imegawanyika katikati na kushuka pande zote mbili hadi kwenye mashavu. Ya tatu ni ya upande, imelala kutoka kulia kwenda kushoto.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo hapa mpakani. Asubuhi napanda boda, mchana ni jua na vumbi la matrela. Msusi wa jirani nilipomwuliza alinijibu kwamba zote zitanipendeza. Jibu hilo halinisaidii. Niambieni ninyi.

---

NyotaBusia, Jumapili saa 2:40 usiku

Dada, kabla ya yote: usikubali mtu akukate nywele zikiwa zimelowa!

Mwaka jana niliingia saluni fulani, nikaoshwa, msusi akavuta nywele za mbele mpaka zikafika kwenye nyusi, akakata mstari mmoja. Kwenye kioo nilijiona mrembo. Akawasha draya. Kila dakika frinji ilikuwa inapanda. Ilipokauka ilikuwa katikati ya paji la uso, imejikunja kama sufu ya kondoo. Nilivaa kilemba miezi mitatu, na kazini wakadhani nimefiwa.

---

MkasiWandegeya, Jumapili saa 3:25 usiku

Pole sana Nyota. Hilo nimelirekebisha kwa wateja wengi na linaniumiza kila mara, kwa sababu linaepukika.

Binti, mimi ni msusi, miaka kumi na moja sasa, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Makerere. Nitakueleza kama ninavyomweleza mteja aliyekaa kwenye kiti changu.

Nywele za kipilipili zikikauka zinaweza kurudi nyuma nusu ya urefu wake au zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza si umbo la uso. Nauliza: hiyo frinji utaivaa ikiwa imenyooshwa, au ikiwa na mikunjo yake? Ukisema imenyooshwa, nainyoosha kwanza, ndipo nakata ikiwa kavu. Ukisema ya mikunjo, nakata msokoto mmoja mmoja ukiwa umekauka ulivyo, bila kuuvuta hata kidogo. Msusi asiyekuuliza hilo, inuka kwenye kiti, mshukuru, nenda zako.

La pili ni wapi nywele za frinji zinatoka. Weka kitana kilale juu ya utosi, kielekee mbele. Utaona mahali ambapo kichwa kinaanza kuteremka na kitana kinabaki hewani. Hapo ndipo ncha ya pembetatu. Kutoka hapo teremka pande mbili mpaka usawa wa mahali nyusi zinapopinda juu. Nywele zilizo ndani ya pembetatu hiyo ndizo frinji, nyingine zote funga nyuma. Makosa makubwa ninayoyaona ni msusi kupanua pembetatu mpaka kwenye mapanja ili frinji ionekane nzito. Nywele za mapanja ni nyembamba kwa kila mtu, na kwako za kushoto zimeshapungua. Zikikatwa fupi hazitajaza frinji, na huna tena nywele ndefu za kufunika lile pengo.

La tatu, urefu. Naanza kwenye ncha ya pua. Ndiyo, ncha ya pua, hata kama mteja anataka juu ya nyusi. Napunguza kidogo, namwacha ajitazame, acheke, aongee, ainue nyusi, halafu napunguza tena. Nywele huongezeka karibu sentimita 1 kwa mwezi, na za kwetu mara nyingi pungufu ya hapo. Sentimita 3 ulizokata kwa haraka utazisubiri zaidi ya miezi mitatu, na wewe una wiki tano.

Sasa picha zako. Ile ya kwanza, ya mstari mmoja, inahitaji nywele nyingi na pasi ya moto kila asubuhi. Malaba kuna joto na wewe unapanda boda. Jasho la paji la uso likiigusa, saa nne asubuhi imesharudi kwenye mikunjo yake. Nakushauri uiondoe kwenye orodha kama unataka nywele zako mwenyewe. Kama ni wigi, hilo ni jambo jingine.

Pazia na upande zinabaki. Nitumie kipimo: vuta nywele za mbele zikiwa zimenyooshwa, zinafika wapi usoni?

---

DadaMweupe256, Jumapili saa 3:31 usiku

Uso wa mviringo na frinji haviendi pamoja. Inaufupisha uso. Fanya matuta ya kurudi nyuma tu, komwe ni urembo.

---

MkasiWandegeya, Jumapili saa 3:50 usiku

Dada, komwe ni urembo, hapo tuko pamoja. Lakini hilo la uso wa mviringo naomba tulichunguze. Frinji nzito iliyonyooka kutoka panja hadi panja ndiyo inayoufupisha uso, kwa sababu inakata mstari wa kulala na kuficha theluthi ya uso. Pazia hufanya kinyume: inaacha upenyo katikati, jicho linapanda juu, na pembe zake zinashuka kando ya mashavu. Uso unaonekana mrefu. Ya upande nayo inachora mstari wa mshazari, matokeo yanakaribiana.

Mwanamitindo Naomi Campbell amevaa frinji nzito iliyonyooka miaka mingi na watu wakadhani ndiyo frinji pekee inayomfaa mwanamke mweusi. Ule ni uso wake. Michelle Obama alipoikata yake Januari 2013, siku chache kabla ya mumewe kuapishwa mara ya pili, wanawake walimiminika saluni na picha moja mkononi, kila mmoja na uso wake. Picha inakuonyesha dakika moja ya siku ya mtu ambaye ana msusi pembeni yake. Wewe utaishi na hiyo frinji saa kumi na mbili kwa siku.

---

Nesi_Mbale, Jumapili saa 4:12 usiku

Mimi nataka turudi kwenye lile panja la kushoto, maana mmelipita haraka.

Binti, nywele zinazopungua kwenye mapanja na mbele baada ya kusuka kwa kuvuta ni ishara kwamba mizizi imechoka. Mwanzoni inarekebishika: ukiacha kuvuta, zinarudi polepole. Ukiendelea kwa miaka, mzizi hufa na ngozi inabaki laini inayong'aa, hapo hazirudi tena. Jiangalie kwenye mwanga wa mchana. Je, kuna vipele vidogo? Ngozi inauma ukisukwa? Unaona vinyweleo vifupi vinavyoota? Vikiwepo hivyo vya mwisho, ni habari njema.

Kwa hiyo frinji yoyote utakayochagua, isiwe ya kushonewa wala ya kugundisha kwa gundi upande huo. Gundi ikitolewa huondoka na vinyweleo.

Jambo la pili ni vipele vya paji la uso. Mafuta mazito ya nywele yakikaa kwenye ngozi chini ya frinji, pamoja na jasho na vumbi la matrela uliyosema, yanaziba vitundu vya ngozi. Napokea wasichana wanaodhani ni mzio wa sabuni, kumbe ni mafuta ya nywele. Usipake mafuta kwenye frinji. Nyuma ya kichwa paka, mbele acha. Osha frinji peke yake katikati ya wiki, kwenye beseni, huna haja ya kuosha kichwa kizima. Usiku irudishe juu na uifunge kwa kitambaa cha satini ili paji lipumue.

---

BodaTororo, Jumatatu saa 12:20 asubuhi

Samahani kina dada, mimi ni mwanamume na ni dereva wa boda, lakini uzi huu umenigusa.

Dada amesema anapanda boda kila asubuhi. Kila siku nabeba akina dada wanaokataa helmeti kwa sababu ya nywele. Sheria inataka dereva na abiria wote wavae. Mimi nina mbili, ya abiria naifuta kila jioni, lakini bado nasikia "acha tu, nimetoka saluni". Mwaka jana niliona ajali barabara ya Tororo kwenda Malaba, abiria alikuwa dada mwenye nywele zilizosukwa vizuri sana. Sitaeleza zaidi.

Ninachowaomba ni kwamba mkichagua frinji, chagueni inayoweza kuingia ndani ya helmeti. Mteja wangu mmoja wa benki anakuja na kitambaa cha satini mfukoni. Anairudisha frinji nyuma, anafunga kitambaa, anavaa helmeti juu. Akishuka anakitoa, anatikisa kichwa, anaingia kazini. Ile yake imegawanyika katikati, sijui mnaiitaje. Inarudi yenyewe.

---

MkasiWandegeya, Jumatatu saa 1:05 asubuhi

Hiyo ni ya pazia, kaka. Asante sana kwa ulichoandika. Nitakuwa nawaambia wateja wangu.

---

MamaWaJinja, Jumatatu saa 4:30 asubuhi

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Niruhusuni niongeze la zamani.

Nilikuwa mtoto wa shule Rais Idi Amin alipopiga marufuku minisketi, na baadaye mawigi. Mama yangu alikuwa mwalimu na alikuwa na wigi moja tu, nyeusi, yenye frinji iliyonyooka mpaka kwenye nyusi. Aliivaa kanisani na kwenye harusi. Marufuku ilipotoka hakuitupa. Aliizungushia khanga, akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi. Akaanza kusuka matuta.

Mwaka 1979 Amin alipoondoka, tulikaa wiki kadhaa ndani tukisikiliza redio. Siku moja mama akafungua sanduku. Wigi ilikuwa imelala, nyuzi zimeshikana, inanuka nondo. Lakini frinji ilikuwa bado imenyooka kama ilivyokatwa. Aliichana kwenye goti lake kwa kitana cha mbao taratibu, akaivaa, akaenda sokoni kununua matoke.

Kwa hiyo binti, mkishindana juu ya frinji mimi sioni kwamba ni jambo dogo. Chagua unayoipenda.

---

MwalimuHistoria, Jumatatu saa 7:10 mchana

Mama, ahsante kwa simulizi hiyo. Nami niongeze kidogo kwa wanaopenda asili ya mambo. Inasimuliwa kwamba aliyeeneza mtindo wa kukata nywele za mbele zikaishia juu ya nyusi huko Andalusia, Uhispania, ni Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad na kufika Cordoba mwaka 822. Aliheshimiwa kwa nyimbo, mapishi na mavazi. Nayo ile ya pazia ilipata umaarufu mkubwa Ufaransa miaka ya 1960 kupitia mwigizaji Brigitte Bardot. Kwa hiyo hakuna frinji iliyo mpya kabisa.

---

MuuzaWigi_Kampala, Jumatatu saa 8:00 mchana

Wote mmesema vizuri, lakini kwa wiki tano mimi ningemshauri Binti ajaribu kwanza bila mkasi.

Wigi yenye frinji ina faida moja kubwa: mstari wa mbele umefunikwa, kwa hiyo huhitaji ile ya wavu wa mbele wala gundi. Bei yake kwa hiyo ni ya chini. Ina ukanda wa kukaza nyuma na vitana vidogo ndani. Mwombe muuzaji aondoe kile kitana cha upande wa kushoto kwa ajili ya panja lako, ni kukata nyuzi mbili tatu tu. Ukija mjini Kampala, pita jengo la Gazaland, maduka ni mengi, jaribu kumi kabla ya kulipa.

Lakini nikuonye kuhusu wigi za nyuzi za plastiki. Shangazi yangu aliinama kupuliza sigiri ili makaa yashike, amevaa wigi mpya yenye frinji nzito. Hakuona moto wowote, ni lile joto tu lililopanda. Frinji ilijikunja ikawa vidonge vigumu vya rangi ya kahawia. Hakuungua, tunamshukuru Mungu, ila wigi haikufaa tena. Siku ya kwanjula wanawake wote mnapita jikoni kwenye matoke, mvuke na makaa. Kama ni wigi, iwe ya nywele za binadamu, au ivae ukishatoka jikoni.

Zipo pia frinji za klipu, kipande kidogo tu kinachobanwa juu ya utosi. Kwa majaribio hakuna kinachozidi hicho.

---

BintiWaMpakani, Jumatano saa 3:00 usiku

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea mama kwa simu.

MkasiWandegeya: nimenyoosha nywele za mbele na kupima kwa rula. Zinafika chini ya pua, karibu na mdomo wa juu. Nesi: nimeangalia panja kwenye jua, kuna vinyweleo vifupi vinaota. Nimefurahi mno. BodaTororo: nimenunua kitambaa cha satini.

Nimenunua na frinji ya klipu, ya pazia, kwa sababu moyo wangu ulishaelekea huko. Nimeivaa siku mbili kazini. Helmeti inaipenda, vumbi si tatizo, bosi amesema nimependeza. Nadhani nimeshapata jibu. Jumamosi nakwenda Masaka kumwonyesha ssenga, yaani shangazi yangu upande wa baba.

---

BintiWaMpakani, Jumapili saa 1:40 usiku

Narudi na habari.

Ssenga alinitazama kutoka mbele, kutoka ubavuni, akakubali kwa kichwa. Halafu akasema, "Piga magoti."

Nikapiga magoti kwenye mkeka, kama tutakavyofanya siku ile mbele ya wageni. "Inamisha kichwa, usalimie." Nikainamisha. Pazia lote likaja usoni. Macho yangu yakafunikwa, nywele zikaingia mdomoni nikiwa natamka salamu. Mikono yangu ilikuwa imekutana mapajani kama inavyotakiwa, sikuweza kuinua hata kidole kuzirudisha. Nikapuliza. Ssenga akasema, "Huko kupuliza pia hakuruhusiwi."

Tukarudia na ile klipu nimeibana kwa upande, kutoka kulia kwenda kushoto, ncha imeingia nyuma ya sikio. Nikainamisha kichwa. Ikabaki palepale. Na ssenga, ambaye sikumwambia lolote kuhusu panja, akagusa upande wa kushoto akasema, "Hii inakufunika na hapa pia."

Nilikuwa nimefikiria kazi, boda, jua, vumbi, kila kitu, isipokuwa magoti.

---

MkasiWandegeya, Jumapili saa 2:15 usiku

Ssenga wako ni msusi kuliko mimi. Miaka kumi na moja nawaambia wateja wacheke na wainue nyusi mbele ya kioo, sijawahi kumwambia hata mmoja apige magoti. Kuanzia kesho nitawauliza wote wanaokwenda kwanjula.

Kwa urefu ulionao ya upande inawezekana bila kukata sana. Mwambie msusi achukue pembetatu ileile, lakini ncha yake isogee juu ya nyusi ya kulia. Upande wa kulia afupishe hadi usawa wa jicho, kisha ateremke kidogo kidogo mpaka upande wa kushoto ubaki na urefu wake wote, ndiyo utakaoingia nyuma ya sikio. Akate kavu, akishika mkasi ukiwa umesimama wima ili ncha zisiwe na ukuta. Wiki moja kabla, si siku ya mwisho. Usiku izungushie rola moja kubwa kuelekea kushoto, funga satini, lala. Asubuhi ya sherehe pasi ipite mara moja tu.

---

NyotaBusia, Jumapili saa 2:31 usiku

Na azikate zikiwa kavu jamani! Kavu!

---

BintiWaMpakani, wiki nne baadaye, Jumapili saa 4:05 usiku

Tumemaliza salama. Wageni walikubaliwa, dada analia na kucheka kwa wakati mmoja, vijana bado wanapakia viti kwenye lori.

Nilikatwa wiki moja kabla, kavu, kuanzia ncha ya pua kama nilivyofundishwa humu. Msusi wa Masaka alishangaa nilipomwomba nishuke kwenye kiti nipige magoti kwenye sakafu ya saluni yake. Alisubiri. Nikainamisha kichwa, uzi mmoja ukateleza kutoka nyuma ya sikio, akauongezea pini ndogo nyeusi kwa ndani.

Leo tumetoka kusalimia mara tatu. Jua lilikuwa kali na kulikuwa na upepo kidogo chini ya hema. Mara ya pili nilipoinua kichwa niliona wageni wote waziwazi, hata mzee aliyekaa mstari wa mwisho.

Mama wa Jinja, picha nitakutumia wewe kwanza.